Mtama Mchungu na Mtama Mtamu

Nzuguni ni mahali karibu na mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Mvua za huko ni chache. Kwa hiyo wenyeji hulima mtama na uwele, mazao yavumiliayo ukame. Mavuno ya mwaka mmoja yakipotea, njaa i mlangoni.

Mtama ni wa namna nyingi. Mwingine una kitu kiitwacho tanini chini ya ganda la punje, kitu kiletacho uchungu na ukakasi kinywani. Ndege waitwao kwelea kwelea, wajao makundi makubwa, wakiona mtama mtamu karibu huuacha ule mchungu. Lakini ugali wake haupendezi, tena tanini huupunguzia mwili faida ya chakula. Mtama mweupe uitwao Macia, waliopewa wakulima wa Tanzania mwaka 1999, hauna tanini. Ugali wake ni mzuri, ila ndege nao huupenda.

Je, mchagua mbegu atautambuaje mtama mchungu? Rangi haitoshi, maana mtama mwekundu mwingine hauna tanini. Zamani ilimlazimu kungoja mavuno.

Sasa iko njia nyingine. Ndani ya kila chembe ya mmea mna nyuzi ndogo mno, ziitwazo kromosomu; za mtama ni jozi 10. Jeni, yaani maagizo ya maumbile, zimepangwa juu yake kama shanga katika uzi. Mmea unapofanya mbegu, nyuzi hukatika na kuungwa upya, lakini shanga zilizo jirani hutengana mara chache. Basi wataalamu huchanganya mtama mchungu na mtamu, kisha huwachunguza wajukuu wao. Alama iandamanayo na uchungu karibu kila mara huonyesha kwamba jeni yake i jirani. Hivyo ndivyo ramani ichorwavyo.

Mwaka 2012 wataalamu walitangaza jeni ya tanini iliyo katika kromosomu ya 4. Iko na ya pili, katika kromosomu ya 2. Zote mbili zahitajiwa. Moja ikiharibika, tanini haipatikani. Ndiyo sababu mitama miwili isiyo michungu yaweza kuzaa mchungu, ikiwa kila mmoja unayo jeni nzima aliyoikosa mwenziwe.

Kwa ramani hiyo, jani la mche mchanga latosha kujulisha punje zitakavyokuwa, na msimu mzima haupotei. Lakini ramani haifukuzi ndege. Apandaye mtama mtamu hana budi kupanda dunguni na kombeo lake, alfajiri na jioni, hata siku ya kuvuna.