Odysseus na kibali cha kuondoka: hekaya ya Wagiriki katika baraza ya Waswahili Doha

DOHA, Qatar – Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia ilitujia Ijumaa moja hapa Doha, tulipokuwa tumekaa mkekani na wenzetu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Bukavu: walinzi, madereva na watumishi wa majumbani waliokuwa na siku yao ya mapumziko. Sahani za pilau zilipoondolewa, mtu mmoja akasema: "Nyinyi waandishi mmesoma, tuhadithieni."

Mchana wake baadhi yetu tulikuwa tumepita Katara, kijiji cha utamaduni kilichopo ufukweni. Pale pana ukumbi wa wazi wa viti vipatavyo 5,000, uliojengwa kwa ngazi kama kumbi za kale za Ugiriki na kuchanganywa na nakshi za Kiislamu. Ukumbi huo ulipozinduliwa mwaka 2011, aliyetumbuiza alikuwa Vangelis, mtunzi wa muziki wa Kigiriki. Basi tukaona tuwape hadithi ya Odysseus, yule mfalme wa kisiwa cha Ithaca aliyepigana miaka 10 vitani Troy, kisha akatangatanga miaka 10 mingine akitafuta njia ya kurudi kwao.

Tulipotaja miungu tu, mzee mmoja akatukatiza: "Miungu mingi hiyo ya nini?" Swali lake si geni. Wafasiri wa Baghdad enzi za Bani Abbas walifasiri falsafa na tiba ya Wagiriki, lakini mashairi ya Homer hawakuyapa nafasi hiyo. Ilikuwa mwaka 1904 ndipo Suleiman al-Bustani, mtu wa Lebanon, alipochapisha Iliad kwa mashairi ya Kiarabu. Kwetu nako Samuel Mushi alimfasiri Sophocles, na Mfalme Edipode akatoka kwa Kiswahili mwaka 1971. Tukamwambia mzee kwamba hekaya haimdai mtu imani, inamdai sikio tu. Akakubali.

Tukaiacha orodha ya miungu, nani kamzaa nani, tukaanzia kisiwani. Mwanamume amekaa ufukweni, analia. Ana chakula, ana kitanda, ana kivuli. Calypso, mwenye kisiwa, amemzuia miaka 7. Amemwahidi hatazeeka wala hatakufa, mradi abaki. Naye kila siku anaitazama bahari.

"Huyo Calypso ni kafili!" akadakia mlinzi mmoja. Baraza nzima ikaangua kicheko, kisha ikanyamaza ghafla.

Wasomaji wetu wa nyumbani huenda wakauliza sababu. Kafili ni mwajiri anayemdhamini mfanyakazi, na kwa miaka mingi mgeni hakuweza kutoka Qatar bila idhini yake. Sheria iliondoa kibali hicho kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na Januari 2020 watumishi wa majumbani nao wakajumuishwa. Lakini waliokuwapo kabla ya hapo wanaijua subira ile. Ndiyo maana tuliposema Zeus alimtuma Hermes kumwamuru Calypso amwachie mtu wake, dereva wa Mombasa alisema taratibu: "Kibali kimetoka juu."

Maswali yakaanza. Dada mmoja akauliza: "Miaka 20 hakutuma hata senti? Na mtoto alilelewa na nani?" Tukamweleza habari za Penelope, mkewe, aliyezungukwa na wachumba waliokuwa wakila mali ya nyumba. Akawaambia wangoje afume sanda ya mkwewe. Akawa anafuma mchana na kufumua usiku, akawachelewesha hivyo miaka 3. Dada yule akatikisa kichwa: "Huyo ndiye shujaa. Sisi hapa ni Odysseus, ni Penelope. Tumesafiri, na nyumba bado tunaishika kwa simu."

Tumesoma Homer chuo kikuu, na hakuna mhadhiri aliyetuambia hivyo.

Mzee wa Lamu naye, aliposikia habari za Achilles na kisigino chake, hakuona ajabu. Kwao yupo Fumo Liyongo, asiyeuawa ila kwa shaba kitovuni, akasalitiwa na mwanawe mwenyewe. Utenzi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anaujua tangu utotoni.

Kuna pahala tulipapita haraka, nasi tunakiri. Odysseus akiwa mgeni katika jumba la kifalme, anamsikia mwimbaji kipofu akiimba habari za Troy, vita alivyopigana yeye mwenyewe. Anajifunika uso kwa joho, analia. Sisi tulio uhamishoni, tunaosikia habari za nchi yetu zikisomwa na wengine, pahala hapo hapatoki kirahisi mdomoni.

Tukafika mwisho. Odysseus alikwenda vitani na merikebu 12, akarudi peke yake. Aliyemtambua kwa macho yake mwenyewe, kabla ya mtu yeyote, ni mbwa wake mzee, naye akafa papo hapo.

"Wenzake wote wamekufa?" akauliza mlinzi. "Si mngewarudisha japo wawili watatu?"

Tulitamani sana kuwarudisha. Lakini mkekani pale walikuwamo waliowahi kuchanga fedha za kusafirisha jeneza la mwenzao, nao wangejua kuwa tunadanganya. Tukaiacha hadithi kama ilivyo. Hakuna aliyelalamika. Dada yule akatoka nje, akapiga simu kwa mwanawe.