CHAGUA HINDI LENYE MAGANDA MAREFU

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kati yao 20 walikufa. Walikula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutoka kwenye kuvu, yaani ukungu unaoota katika nafaka.

Sumukuvu hushambulia ini. Mgonjwa hutapika, macho huwa ya manjano na tumbo hujaa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo kinga huanza shambani.

Kuvu huingia zaidi katika punje zilizotobolewa na wadudu au zilizolowa maji. Lakini mahindi hayalingani. Mengine yana kinga yake yenyewe. Yatazame hivi:

1. Maganda. Hindi zuri lina maganda marefu, yaliyobana na kufunika mpaka nchani. Wadudu na mvua hupata taabu kuingia. Hindi lenye ncha wazi lisiwe mbegu.

2. Kuinama. Hindi likikomaa na kuinamisha ncha, maji ya mvua huteremka nje ya maganda. Likisimama wima, maji huingia ndani.

3. Punje. Punje ngumu inayong'aa huwapa fukusi kazi kubwa kuliko punje laini yenye unga mwingi.

Basi mbegu ya mahindi ya asili ichague mahindi yakiwa bado kwenye mabua. Ukishamenya, huwezi tena kujua lipi lilijifunika vizuri. Ukinunua mbegu, muulize bwana shamba juu ya sifa hizo tatu.

Hata hivyo, hakuna hindi lisilopatwa kabisa. Vuna mara yakikauka. Anika juu ya jamvi, si juu ya udongo. Kisha pima. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, anika tena.

Chambua punje zenye ukungu, zilizotoboka na zilizobadilika rangi. Zifukie. Usimpe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita katika maziwa. Nasi wa Ng'ambo tunaonunua mahindi sokoni, tuchambue kabla ya kwenda kusaga.

Ukiona mtu ana macho ya manjano, mpeleke kituo cha afya upesi. Eleza na chakula alichokula.