Mtetemo wa Ujenzi na Kuta za Kale

Mashine ya kushindilia barabara ikianza kazi, vikombe hulia kabatini na mwenye nyumba huamini kuta zake zimekwisha. Mara nyingi sivyo. Mwili wa binadamu huhisi mtetemo mdogo wa milimita 0.3 kwa sekunde. Kanuni ya Kijerumani DIN 4150-3, ambayo wahandisi wa nchi nyingi huifuata, inaruhusu mara kumi ya hapo, milimita 3, kwenye msingi wa jengo la kale mtetemo ukiwa chini ya hezi 10, yaani mitikisiko 10 kwa sekunde. Nyumba ya kawaida ya kuishi huruhusiwa 5.

Kwa nini hezi zitajwe? Jengo lina mwendo wake wa asili, kama bembea. Ukilisukuma kwa mwendo huohuo, hata nguvu ndogo hulitikisa sana. Mtetemo wa haraka zaidi hulipita bila kulichezesha hivyo, ndiyo maana kati ya hezi 10 na 50 kikomo cha jengo la kale hupanda taratibu hadi 8.

Hata hivyo, namba hizo hazijui ndani ya ukuta kuna nini. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zikibebwa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipenya miaka mingi, chokaa hulegea huku plasta ya nje ikibaki nzima. Beit al-Ajaib, jumba la huko la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Sidai kwamba ni mtetemo uliolibomoa. Nasema ukuta mkongwe haupewi kikomo kabla haujakaguliwa.

Kwa hiyo upimaji uanze wiki kadhaa kabla ya kazi. Kila ufa upigwe picha na kupimwa upana, kwani joto na unyevu nao huufungua na kuufunga. Kihisi cha mtetemo kifungwe imara kwenye msingi, upande unaoelekea mashine. Penye mchanga uliolegea, usawa wa msingi upimwe pia: mchanga hushuka hata kikomo kisipovukwa.

Kisha king'ora cha kihisi hicho kimfikie mwendesha mashine mwenyewe, na mkataba umpe ruhusa ya kuizima bila kumsubiri bosi. Ripoti inayosomwa Ijumaa haizuii ufa wa Jumatatu. Nguzo za kugongwa zinaweza kubadilishwa kwa za kuchimbwa, na mashine ya kushindilia ikapita mtetemo wake ukiwa umezimwa. Gharama huongezeka, na iandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo.