Kudhibiti pH katika Bustani ya Ndoo: Mboga Salama, Nyumba Salama

Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa ngoro kwa vizazi vingi. Majani hulazwa kwa mistari inayokingamana mlimani, udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, na mazao hupandwa juu ya matuta. Mboji itokanayo na majani hayo hulisha mmea, na pia huuwezesha udongo kuhimili mabadiliko, hivyo kosa dogo la mkulima halionekani upesi.

Kilimo cha haidroponiki, yaani cha kuotesha mimea katika maji yenye virutubisho, hakina ulinzi huo. Kinaweza kuifaa familia yenye uwanja wa mchanga kando ya Ziwa Nyasa, au mgonjwa asiye na nguvu za kushika jembe. Lakini ndani ya ndoo ya lita 20, pH inaweza kubadilika kwa siku moja au mbili, na jitihada za kuirekebisha huleta nyumbani vimiminika vyenye hatari.

pH ni nini?

pH ni kipimo cha tindikali na alkali katika maji, kuanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi: maji yenye pH 5 yana tindikali mara kumi zaidi ya yenye pH 6.

Mboga nyingi za majani hustawi kati ya 5.5 na 6.5. pH ikizidi 7, madini ya chuma hushindwa kubaki katika hali ambayo mizizi inaweza kuyafyonza. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima hudhani mbolea imepungua na kuongeza nyingine, ilhali chakula kimo ndani ya ndoo bali hakiliki. pH ikishuka chini ya 5, mizizi yenyewe huanza kudhurika.

Kwa nini hupanda na kushuka?

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa ni ya alkali, mara nyingi karibu na 8, na yana baikaboneti, chumvi inayopinga tindikali. Ukiyashusha leo na kesho ukajazia mengine, pH hupanda tena. Maji ya mvua ni kinyume chake: hayana kitu cha kuhimili, na matone machache ya tindikali huweza kuyaporomosha. Vijito vingi vya milimani navyo huwa na chumvi kidogo. Kwa hiyo kipimo kinachomfaa jirani wa Mbamba Bay kinaweza kuua miche ya ndugu yake wa Mbinga mjini.

Sababu ya pili ni mmea. Mizizi inapofyonza naitrojeni iliyo katika umbo la naitreti, pH hupanda. Inapofyonza iliyo katika umbo la amonia, hushuka. Sababu ya tatu ni ujazo: maji yakiwa machache, kila badiliko huwa kubwa. Ndoo moja iliyojaa ni tulivu kuliko makopo matano.

Kurekebisha bila kukimbizana na namba

Changanya virutubisho kwanza, kisha pima, kwa kuwa virutubisho vyenyewe hubadilisha pH. Pima saa ileile kila siku na uandike. Karatasi za kupimia zinatosha. Mwenye kipimo cha umeme akisahihishe mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 4 na 7.

Ikiwa namba iko kati ya 5.5 na 6.5, usiongeze kitu. Ikizidi, chukua lita moja ya maji hayo, tia siki tone kwa tone huku ukikoroga na kuhesabu, hadi ifike 6. Zidisha hesabu hiyo kwa lita zilizomo ndooni, kisha tia nusu tu. Subiri saa moja, pima tena, ndipo uamue kuhusu nusu iliyobaki. Siki na maji ya limau hayadumu, kwani bakteria huyala na pH hurudi juu baada ya siku chache. Hilo si kosa lako, na si sababu ya kutafuta tindikali kali zaidi. Kuchanganya maji ya mvua na ya ziwa, au kubadilisha maji yote kila baada ya wiki moja au mbili, hutuliza mambo zaidi.

Hatari iliyo nje ya ndoo

Usitumie maji ya betri. Ni tindikali ya salfa inayounguza macho, ngozi na koo, na yatokayo katika betri iliyotumika yana risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Usihifadhi tindikali wala virutubisho katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ndoo iwe ya plastiki, isiyowahi kubeba dawa ya wadudu, na ifunikwe mbu wasizaliane humo.

Maji ya virutubisho yana naitreti nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa. Maji ya haidroponiki mara nyingi huzidi kiwango hicho mara kumi au zaidi. Yasipikiwe uji, na yakichakaa yasimwagwe karibu na kisima wala mahali pa kuchota maji ziwani.

pH nzuri haiui vijidudu. Mboga zitakazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi na salama. Mgonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza potasiamu asidhani kwamba mboga za ndoo hazina madini hayo; aulize kliniki kwanza.

Kwa mhudumu wa afya

Aliyerukiwa na tindikali machoni asafishwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kabla ya safari ya hospitali. Aliyemeza asitapishwe, na asipewe kitu cha kuipooza tindikali. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali haraka, na chupa iende naye.

Mtoto mchanga mwenye midomo na kucha za bluu, asiyebadilika rangi hata akipewa oksijeni, na ambaye kipimo cha kidoleni husoma karibu asilimia 85, aulizwe habari ya maji yaliyopikia uji au kuchanganyia maziwa yake. Naitreti huweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na damu hiyo huonekana ya kahawia. Dawa yake ni methilini ya bluu, lakini itolewe kwa tahadhari, kwani humdhuru mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria.

Anayeanza bustani ya ndoo ahitaji vitu vitatu: karatasi za kupimia, daftari, na rafu ya juu yenye kufuli. Mche wa mchicha uliokufa hupandwa tena kesho. Jicho la mtoto lililoungua halipandwi.