Mgeni Njoo, Ardhi Ibaki

Makambako ni njia panda. Hapo barabara iendayo Mbeya hadi Zambia hukutana na ile iendayo Njombe hadi Songea, na hapo reli ya TAZARA ina kituo chake. Watu watokao mbali kutafuta mashamba huko Njombe hupita hapo. Na maadamu parachichi la Njombe limepata wanunuzi ng'ambo, watu hao si haba. Wamo raia wenzetu, na wamo wageni wenye fedha za nchi za nje. Juu ya wageni hao twapenda kusema machache.

Neno la kwanza ni kwamba ardhi ya Tanzania Bara haiuzwi kwa mgeni. Ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ndiye mdhamini wake. Umilikaji usio na kikomo tuliourithi kwa wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema waziwazi kuwa asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji uliokubaliwa na Serikali, tena kwa muda maalumu. Hata jirani zetu wa Afrika Mashariki hawamo nje ya sheria hiyo, kwani Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliyaacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi. Wala hatuko peke yetu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yamruhusu mgeni kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Lakini iko hila. Mgeni hutoa fedha, mwenyeji hutoa jina. Hati huandikwa kwa mwenyeji, na mapatano ya kweli hufichwa sandukuni. Twauliza: mgeni akidhulumiwa, atamshtaki nani, na kwa karatasi ipi? Na mwenyeji akidaiwa kodi ya shamba asilolilima, atajibu nini? Hila hiyo huwaponza wote wawili. Hakuna benki yenye busara itakayopokea mapatano ya siri kuwa dhamana. Mkopo hufuata hati, haufuati maneno. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena yafaa kuzitazama fedha zenyewe. Mparachichi uliobebeshwa huchukua yapata miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Mtu aliyekopa dola ng'ambo, akatakiwa kuanza kulipa mwaka wa kwanza, aweza kufilisika kabla mti haujatoa tunda. Hapo ndipo msiba wa kijiji uanzapo. Ardhi ya kijiji ikisha kuhamishwa kwa ajili ya mgeni, uwekezaji ukifa, ardhi hairudi kwa wanakijiji. Hurudi kwa mamlaka ya Serikali. Fedha za fidia zimekwisha kuliwa, na shamba halipo.

Hatusemi mtaji wa nje ni adui. Mashamba ya miwati ya Njombe yalianzishwa mwaka 1949 kwa mtaji wa Uingereza, na wengi wamepata kazi humo. Lakini twakumbuka pia vijana wa Ubena waliokwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Asiye na shamba lake hulima la mwenziwe, kwa ujira apangao mwenziwe.

Basi sheria itumike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji uwezo wa kukubali au kukataa kuhamishwa kwa ardhi isiyofikia hekta 250. Ikizidi hapo, hutoa maoni yake kwa Waziri. Wala ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Ndugu wananchi, mkutano huo msiuache kwa viongozi peke yao. Ulizeni: mgeni amekopa wapi, ataanza kulipa lini, na akishindwa itakuwaje? Kila mwenye shamba naye atafute hati ya hakimiliki ya kimila, apate kukopa kwa jina lake mwenyewe. Mgeni na alete mtaji, miche na soko. Mwenyeji abaki na ardhi na jasho lake.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.