Kampuni imeandikishwa na iko na breve. Je, matibabu yake yanaleta mtoto?

Wandugu wahitimu na wanafunzi, katika familia mwenye lisansi njo wanamupatiaka karatasi asome. Siku moja dada yako au shemeji, ambaye miaka inapita bila kupata mimba, atakuletea folda ya kliniki fulani: "Angalia, wako na namba ya RCCM, wako na breve ya Ulaya. Tuuzishe parseli?" Hapo jibu lako litakuwa na bei kubwa. Tuchukue kampuni moja ambayo makaratasi yake iko wazi kwa kila mtu: OvaScience ya Marekani.

OvaScience iliandikishwa mwaka 2011 katika jimbo la Delaware, ingawa kazi yenyewe ilikuwa Massachusetts. Hiyo si ajabu, kampuni mingi za kule zinafanyaka vile juu ya sheria za Delaware. Kuandikishwa kunasema tu kwamba kampuni ipo, jina lake ni hili, na barua ya mahakama inaweza kupelekwa mahali fulani. RCCM yetu ni vilevile: karani hapimi dawa.

Sasa hataza, ile tunazoea kuita breve. Msingi wake ulikuwa kazi ya Jonathan Tilly. Mwaka 2004, yeye na wenzake waliandika kwamba ovari ya panya mkubwa bado iko na seli zinazoweza kuzaa mayai mapya. Tulifundishwa kinyume: mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Hataza za kazi ile zilikuwa za hospitali ya Massachusetts General, na kampuni ilipewa leseni ya kuzitumia. Kwa hiyo jina la mwenye hataza linaweza kuwa tofauti na jina lililoandikwa mlangoni.

Mkaguzi wa hataza anauliza: kitu ni kipya? Mtaalamu mwingine asingekifikia kwa urahisi? Kimeelezwa vya kutosha ili mtu akitengeneze? Haulizi ni wanawake wangapi walizaa. Siye wa agronomia tuko na mfano mzuri: cheti cha SENASEM kwenye mfuko wa mbegu kinatokana na kipimo cha kuota. Hataza haipimi kuota. Inampa mwenyewe haki ya kukataza wengine, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba, na paka katika nchi iliyoitoa. Hataza ya Marekani haina nguvu Bukavu.

Na wataalamu walikuwa wanabishana. Mwaka 2012 Tilly alitangaza kwamba amepata seli zile hata kwa wanawake. Mwaka uleule maabara ya Kui Liu, huko Sweden, ilizitafuta kwa panya na haikuziona.

Kampuni ilisonga mbele na matibabu yanayoitwa Augment. Wanakata kipande kidogo cha ovari, wanatoa mitokondria katika seli zile, kisha wanaziingiza ndani ya yai pamoja na mbegu ya mwanaume. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola juu ya bei ya IVF ya kawaida. Mwaka 2013 FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, waliandikia kampuni barua juu ya Augment, nayo ikasimamisha kuandikisha wagonjwa Marekani. Ikapeleka matibabu katika kliniki za nje, Kanada na Uturuki zikiwemo. Hataza ilikuwepo wakati huo wote.

Mwaka 2015 mtoto wa kwanza alizaliwa Kanada, na magazeti yakafurahi. Lakini mtoto mmoja hasemi mengi: nani anajua kama IVF ya kawaida isingemleta? Jaribio la kulinganisha lilifanyika Uhispania, likachapishwa 2019: mitokondria zile hazikuboresha viinitete. Mwezi wa 12 mwaka 2018 kampuni ilikuwa imekwisha kuungana na Millendo, na jina OvaScience likapotea.

Tunajua mengi ya haya juu hisa zake zilikuwa zinauzwa sokoni, na sheria inalazimisha kampuni ya namna hiyo kuandika ripoti kila mwaka, pamoja na hatari zake. Kliniki ndogo ya kwetu haina deni hilo. Kama inauza dawa, uliza ruhusa ya ACOREP. Namba ya hataza, iingize katika Espacenet, ni bure hata kwenye simu. Kwa hataza za Marekani na za Ulaya, namba ikiishia na A1, hilo ni ombi lililochapishwa tu. B njo inaonyesha imetolewa. Angalia pia kama ada zimelipwa, juu isipolipiwa inakufa mbele ya miaka 20.

Kisha uliza kliniki: wanawake wangapi walianza, si waliofika mwisho, na wangapi walipata mtoto hai? Kama shemeji iko na miaka 39, omba hesabu ya wenye umri wake.