Meno Bandia (4): Kuvunjika Kwake si Ajali Tu

Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani imeadhimishwa tena tarehe 20 Machi, na hotuba nilizozisikia zilikuwa za mswaki na sukari. Mzee asiye na jino hata moja la kupiga mswaki hakuambiwa kitu. Leo nazungumza naye.

Tuanze na George Washington. Alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Ile hadithi ya meno ya mbao ni uzushi. Fundi wake wa New York, John Greenwood, alimchongea bamba kutokana na jino la kiboko, mnyama wa mito yetu, ambaye meno yake yalikuwa pia bidhaa ya Zanzibar katika karne ya 19. Juu yake akapachika meno ya binadamu, na la juu likaunganishwa na la chini kwa springi. Daftari la Mount Vernon, shamba lake, la mwaka 1784 linaonyesha watumwa wakilipwa pauni 6 na shilingi 2 kwa meno 9, kwa ajili ya daktari wa meno Mfaransa. Tusisahau nani aliyeng'olewa.

Hata hivyo, Washington alijua kuyatunza meno yake bandia. Yakiharibika, aliyatuma kwa fundi. Desemba 1798 Greenwood alimjibu kuwa mvinyo wenye uchachu umeyatia weusi, akamshauri ayavue baada ya chakula na kuyaweka kwenye maji safi.

Sisi yakivunjika tunakimbilia supagluu! Gundi hiyo huharibu kingo, vipande visikutane tena sawasawa hata mbele ya fundi.

Bamba la leo la akriliki, yaani plastiki, huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuteleza mkononi likaangukia sinki au sakafu. Ya pili huja polepole. Jino likishang'oka, mfupa wa taya hupungua mwaka hadi mwaka, lakini katikati ya kaakaa hubaki palepale. Bamba linayumba kama ubao uliolalia kokoto, likijikunja kidogo kwa kila tonge, hadi ufa unaanzia mbele, kwenye kikato kinachopisha ugwe wa mdomo wa juu.

Basi yaoshe meno yako bandia juu ya karai lenye maji, kwa brashi laini. Maji ya moto hulipinda bamba; usiku yalaze kwenye maji baridi. Kila mwaka mwone daktari. Yakilegea, fundi ataongeza bitana. Yakivunjika, peleka vipande vyote.

Nanyi watoto mnaomnunulia mama meno mkadhani deni limekwisha: nauli ya kumrudisha kliniki ni sehemu ya bei yake.

Wiki ijayo: meno ya mpira, na hataza iliyomgharimu mtu uhai San Francisco mwaka 1879.